Ufundi Kijijini: Usiilaze Betri na Njaa

Mwezi huu tuzungumze juu ya betri. Si zile betri za tochi ambazo zikiisha hutupwa. Tuzungumze juu ya betri za kuchaji, yaani betri ambazo umeme wake ukipungua hujazwa tena. Siku hizi betri hizi zimeingia vijijini. Zimo ndani ya taa za sola. Zimo ndani ya simu. Ile kubwa na nzito imekaa pembeni ya nyumba, na waya zake zimepanda mpaka juu ya bati.

Betri ni mali. Wengi wetu tumeuza mbuzi au mahindi ili tuipate. Lakini betri nyingi hufa mapema. Mwenye betri husema, "Nimeuziwa betri mbovu." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi si kweli. Betri imeuawa nyumbani, na aliyeiua hajui kwamba ameua.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wauaji. Sikiliza habari yenyewe.

DARASA LETU LILIVYOINGIA GIZA

Kijijini kwetu tuna darasa la watu wazima. Mchana tuko shambani, kwa hiyo tunasoma usiku. Zamani tulisoma kwa vibatari. Moshi ulituingia machoni. Bibi mmoja alisema, "Mwalimu, sijui kama hii ni herufi au ni chozi."

Basi tukachanga. Wengine walitoa fedha. Wengine walitoa kuku. Mmoja alitoa gunia la mahindi. Tukanunua paneli moja ya sola ya wati 50, taa nne, kontrola ya kulinda betri, na betri moja kubwa. Juu ya betri paliandikwa hivi: 12V 50Ah. Sote tuliyaona maandishi yale. Tuliweza kuyasoma, herufi moja moja. Lakini hakuna aliyeuliza maana yake.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Darasa lilijaa watu 22. Kisha watu wakaanza kuleta simu zao zichajiwe. Hatukuona ubaya. Kisha kijana mmoja akaleta televisheni ili tutazame mpira. Hatukuona ubaya pia.

Usiku mmoja, mpira ukiwa umepamba moto, taa nyekundu iliwaka katika kontrola. Mara televisheni ikazimika. Kontrola ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuwa inasema, "Basi, umeme umepungua, ngojeni jua la kesho." Lakini nani angengoja kesho? Tulichomoa waya kwenye kontrola, tukazifunga moja kwa moja kwenye betri. Televisheni ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Kulikuwa na mzee mwenzetu aliyewahi kufanya kazi mjini. Alisema, "Msiogope. Betri lazima imalizwe kabisa ndipo ichajiwe. Usipoimaliza, inazoea uvivu." Mimi nilikuwa mweka hazina wa darasa, na ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi. Nilikubali. Tangu siku ile tukawa tunaimaliza betri kila mara.

Mwezi wa nane betri ikafa. Asubuhi ilionekana imejaa. Usiku, baada ya nusu saa, taa zilififia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Tukarudi kwenye vibatari. Watu 22 wakabaki 9. Yule bibi naye aliacha kuja. Alikuwa ndiyo kwanza ameweza kuandika jina lake.

Nilikwenda kwa muuza duka, nikamlaumu mbele za watu. Siku chache baadaye tukamwita fundi.

MANENO YA FUNDI

Fundi alikuwa kijana. Alinisalimu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Tumeuziwa betri mbovu."

Hakujibu. Alitoa mita yake, akagusisha nyaya zake mbili kwenye ncha za betri. Akasoma. Akatikisa kichwa.

"Mzee, betri hii imelala na njaa siku ngapi?"

"Imelala na njaa? Betri inakula?"

"Inakula, mzee. Chakula chake ni umeme wa jua. Betri ya namna hii haiogopi kazi. Inaogopa kulala tupu. Niambie, kila siku mnatumia nini?"

Nikamtajia. Akaomba kalamu na karatasi. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma yale maandishi.

Herufi V ni volti. Volti ni nguvu inayousukuma umeme. Betri yetu ni ya volti 12.

Herufi Ah ni ampea-saa. Zinaonyesha ukubwa wa ghala. Betri yetu ni ya 50.

Ukizidisha 12 kwa 50 unapata 600. Hizo ni wati-saa 600. Maana yake, betri ikiwa mpya na imejaa, ina chakula cha wati-saa 600. Lakini fundi alisema tusitumie zote. Tutumie nusu tu, yaani 300. Nusu nyingine ni akiba. Akiba hiyo ndiyo maisha ya betri.

Kisha akaandika matumizi yetu ya kila siku:

Taa 4 za wati 5, saa 3: wati-saa 60.
Simu 10, wati-saa 6 kila moja: wati-saa 60.
Televisheni ya wati 40, saa 5: wati-saa 200.
Jumla: wati-saa 320.

"Sasa," akasema, "paneli yenu ni ya wati 50. Tuseme mnapata saa 4 za jua kali. 50 mara 4 ni 200. Tena mwingine unapotea njiani, lakini tuuache. Kila siku mnaingiza 200 ghalani, mnatoa 320. Mnapungukiwa na 120 kila siku. Ghala lilikuwa na 600. Siku ya tano ghala ni tupu. Je, mzee, mtu mwenye ghala la mahindi akifanya hivyo, atamlaumu fundi aliyejenga ghala?"

Nilinyamaza. Nilimkumbuka yule muuza duka.

UKOKO WA SUFURIA

Nikamwuliza, "Lakini betri ikiisha si tunaijaza tena? Kwa nini ife?"

Fundi akanipa mfano ambao kila mtu jikoni ataufahamu. Ndani ya betri kubwa mna vibati vya risasi. Vibati hivyo vimezama katika maji ya tindikali. Umeme unapotoka, vibati huota ukoko mweupe. Ukichaji betri mapema, ukoko ule hutoka, na vibati hubaki safi. Lakini betri ikiachwa tupu kwa siku nyingi, ukoko huwa mgumu. Hautoki tena.

Ni kama sufuria ya ugali. Ukiiosha leo, ukoko hutoka kwa maji. Ukiiacha wiki nzima juani, utaikwangua mpaka uchoke. Kila siku betri inapolala tupu, sehemu ya vibati hufunikwa na ukoko mgumu. Ghala linazidi kuwa dogo. Mwishowe betri hujaa upesi na kuisha upesi, kama kikombe.

Kumbe ndiyo maana betri yetu ilionekana imejaa asubuhi. Ilikuwa imejaa kweli. Lakini ghala la debe sita lilikuwa limekuwa kibaba.

USHAURI WA ZAMANI ULITOKA WAPI?

Nilimwambia fundi habari ya mzee mwenzetu aliyesema betri lazima imalizwe kabisa. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Mzee yule hakusema uongo. Alisema ukweli wa betri nyingine."

Hapa, ndugu msomaji, inabidi twende mbali kidogo, kisha tutarudi kijijini.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao mchezo wao ni kurusha ndege ndogo. Ndege hizo hazina rubani. Mwenye ndege husimama chini, ameshika kisanduku chenye vijiti viwili. Kisanduku hicho ni redio ya kupeleka amri. Akisukuma kijiti, amri huruka hewani, na ndege hupinda. Jambo hili si jipya. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokuwa ikiongozwa kwa redio bila kuguswa.

Sasa fikiri. Ndege iko juu. Betri ya kile kisanduku ikiisha, ndege haina mwenyewe tena. Itaanguka, na inaweza kumwangukia mtu. Kwa hiyo watu wale walilazimika kuzijua betri zao vizuri sana.

Kwa miaka mingi visanduku vile vilitumia betri ndogo 8 zilizounganishwa. Kila moja ilikuwa na volti 1.2. Ukizidisha 1.2 kwa 8 unapata 9.6. Ndiyo maana kisanduku kiliandikwa volti 9.6. Betri hizo zilikuwa za nikeli na kadimi. Zilichajiwa polepole, saa 14 hadi 16. Wenye visanduku walikuwa na desturi ya kuzitumia mpaka karibu ziishe, mara moja moja, kisha kuzijaza upya. Walifanya hivyo ili wapime ghala lao limebaki kubwa kiasi gani, na ili betri zisizoee kutoa umeme kidogo. Hapo ndipo ulipotoka ule ushauri wa kumaliza betri kabisa. Ulienea kwa watu wa redio, wa simu za kwanza na wa vifaa vingine. Ukafika mpaka kwa mzee mwenzetu.

Baadaye zilikuja betri za lithiamu. Zilianza kuuzwa mwaka 1991. Ndizo zilizomo katika simu zetu na katika taa nyingi ndogo za sola. Hizi hazitaki kumalizwa kabisa. Na betri kubwa ya risasi, ambayo Gaston Planté aliitengeneza Ufaransa mwaka 1859, haikutaka kumalizwa tangu mwanzo. Sisi tulichukua dawa ya ng'ombe tukamnywesha kuku.

Hata hapa kwetu ndege za namna hii si ngeni. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani, inayotumia umeme wa betri, ilijaribiwa kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Ilivuka kilometa 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Ndege kama ile haiwezi kupaa kwa betri ya kubahatisha.

DAFTARI LA BETRI

Lakini somo kubwa tunaloweza kulipata kwa warusha ndege ni hili: wengi wao huandika. Kila betri huipa namba. Huandika tarehe ya kuinunua. Kila wanapoichaji huandika. Kila wanapoipima huandika. Betri ikishuka chini ya kazi yake ya kawaida, daftari husema kabla ndege haijaanguka.

Fundi aliniuliza, "Mzee, ninyi ni darasa la kusoma na kuandika. Je, mmeandika nini juu ya betri yenu?"

Hatukuwa tumeandika neno hata moja.

Tulipochanga tena kununua betri nyingine, jambo la kwanza lilikuwa kununua daftari. Nilikwenda nyumbani kwa yule bibi aliyeacha kuja. Nilimwambia, "Bibi, darasa linakuomba uwe mwandishi wa betri."

Akasema, "Mwanangu, mimi naandika jina langu tu."

Nikamwambia, "Bibi, kazi yenyewe ni tarehe na namba tatu."

Alikuja. Kila asubuhi, kabla jua halijapiga paneli, alikuwa anapima betri kwa mita na kuandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi:

Betri namba 2. Imenunuliwa mwezi wa Juni.
Jumatatu: 12.5. Taa 4, saa 3.
Jumanne: 12.5. Taa 4, saa 3. Simu 5.
Jumatano: 12.3. Mvua. Taa 4, saa 3. Simu 5.
Alhamisi: 12.2. Mvua. Leo simu hapana.

Msomaji, yatazame maneno yale ya Alhamisi: "Leo simu hapana." Vijana walikuja na simu zao. Bibi akafungua daftari, akawaonyesha namba. Hakugombana na mtu. Namba ndizo zilizosema. Betri ile sasa imeingia mwaka wa tatu, na darasa lina watu 25.

NAMBA ZA KUKUMBUKA

Hizi ni namba za betri kubwa ya risasi ya volti 12. Pima asubuhi, wakati betri imepumzika. Taa ziwe zimezimwa, na jua liwe halijaanza kuchaji. Kwa betri nyingi namba huwa karibu na hizi:

12.7: imeshiba.
12.4: imebaki robo tatu.
12.2: imebaki nusu. Punguza matumizi leo.
12.0: imebaki robo. Acha kabisa mpaka ijae.
11.8 au chini: ni tupu. Ichajiwe leo leo.

Tazama, kati ya kushiba na kuwa tupu hakuna hata volti moja nzima. Kwa hiyo jicho halitoshi. Taa inaweza kuwaka vizuri, kumbe betri ina njaa. Mita ndogo ya kupimia inaweza kununuliwa na nyumba kadhaa kwa pamoja. Kama hamna mita, zifuateni taa za kontrola, na mhesabu saa za matumizi.

MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Usiipite kontrola. Kontrola ikizima, imekuokoa. Usifunge waya moja kwa moja kwenye betri.

2. Piga hesabu kabla ya kuongeza kifaa. Soma wati zake, zidisha kwa saa utakazokitumia. Je, paneli inaweza kurudisha umeme huo kesho?

3. Wakati wa mvua, tumia kidogo. Jua likipungua, mavuno yamepungua. Mtu mwenye akili hupunguza chakula kabla ghala halijaisha.

4. Nunua betri ya kazi yako. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini. Vibati vyake ni vyembamba. Ukiitumia kwa taa kila usiku itachoka upesi. Mwambie muuzaji unataka betri ya sola.

5. Tazama maji yake, kama betri yako ina vifuniko vya kufungua. Maji yafunike vibati. Yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri yaliyotokana na mvuke. Usiongeze maji ya kisima wala ya mto, kwa maana yana chumvi na udongo. Tena usiongeze tindikali. Madukani chupa hizo mbili hufanana, na watu huziita zote "maji ya betri". Soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Hapo kusoma kwako kutakulipa.

6. Safisha ncha za betri. Unga mweupe au wa kijani ukiota, ufute, kisha kaza waya vizuri.

7. Betri isiyotumika ichajiwe pia. Betri huvuja umeme taratibu hata ikikaa bure. Usiiache stoo miezi mingi.

BETRI NDOGO

Kuna betri za kuchaji zinazofanana kabisa na betri za tochi. Utazitambua kwa maandishi. Zimeandikwa 1.2V, na mara nyingi neno la nikeli au herufi NiMH. Betri ya kawaida ya kutupwa imeandikwa 1.5V. Usiichaji betri ya kawaida. Inaweza kuvuja au kupasuka.

Wengine huanika betri zilizokwisha juani ili zipate nguvu. Ni kweli redio huweza kulia tena kidogo. Joto linazichangamsha zitoe mabaki. Lakini jua haliwezi kuzijaza. Ukisahau kuzitoa katika redio, zitavuja na kuila redio yako.

Betri ndogo zikifanya kazi pamoja, zikae pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu. Dhaifu itaisha mapema, na wenzake watailazimisha mpaka iharibike. Wape watoto kazi ya kuandika namba: betri 1 na 2 za redio, 3 na 4 za tochi.

Betri ya lithiamu ya simu au taa, usiiache juani wakati wa kuichaji, na usiiweke karibu na jiko. Ikivimba kama andazi, iache. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji tena. Inaweza kushika moto mkali.

HATARI ZA BETRI KUBWA

Betri kubwa inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Hewa hii hulipuka ikikutana na moto. Kwa hiyo usiende na kibatari wala kiberiti kuchungulia maji ya betri. Usivute sigara karibu nayo. Iweke mahali penye hewa, mbali na kitanda, na watoto wasipafikie.

Tindikali huunguza. Ikikumwagikia mwilini au ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi. Kisha nenda zahanati upesi.

Na betri ikifa, usiivunje. Najua baadhi ya wavuvi huvunja betri wapate risasi ya kuwekea nyavu. Najua watoto huokota vibati wakachezea. Risasi ni sumu. Haina harufu, na mtu haoni inapoingia. Huingia kwa vumbi na kwa mikono isiyonawa. Huharibu damu na akili za watoto. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, mjini Dakar, nchi ya Senegali, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu na kuchekecha mchanga kutafuta risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Watoto 18, kwa ajili ya mabaki ya betri.

Betri iliyokufa irudishe nzima kwa muuzaji, au kwa mnunuzi anayekubaliwa na serikali. Usiichome, usiizike, usiitupe chooni wala ziwani.

MWISHO

Ndugu msomaji, nilirudi kwa yule muuza duka. Nilimwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomlaumu mbele ya watu. Alinisamehe. Kisha akaniuliza jinsi ya kupiga ile hesabu ya wati-saa. Sasa ameiandika kwenye ubao dukani kwake.

Betri ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimlisha utakamua. Usipomlisha utakamua siku chache, kisha utachinja. Ilishe betri yako. Ipumzishe ikifika nusu. Iandikie daftari. Na usiku ukizima taa, jiulize swali moja: je, leo betri yangu inalala imeshiba, au inalala na njaa?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini betri ya darasa ilikufa katika mwezi wa nane?
2. Ushauri wa kumaliza betri kabisa ulitoka wapi? Kwa nini haufai kwa betri ya risasi?
3. Ni ushauri gani mwingine wa zamani tunaoufuata bila kuuliza umetoka wapi?
4. Katika kijiji chenu, betri zilizokufa hupelekwa wapi?

HESABU

Nyumba moja ina betri iliyoandikwa 12V 100Ah. Ina taa 6 za wati 5 zinazowaka saa 4, na redio ya wati 10 inayolia saa 6.

(a) Ghala la betri hii ni wati-saa ngapi?
(b) Nusu yake ni ngapi?
(c) Nyumba hii inatumia wati-saa ngapi kwa siku?
(d) Jua likikosekana siku tatu mfululizo, je, watavuka nusu?

Fanyeni hesabu hii kwa pamoja. Majibu ni haya: (a) 1,200. (b) 600. (c) 180. (d) Siku tatu ni 540. Hawatavuka, lakini wamebakiza kidogo sana. Siku ya nne wasome kwa kibatari.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.